Ushuhuda Niliotoa Mapema



Ujumbe huu nimeuandika mara tatu na kuufuta mara tatu. Mara hii ya nne nimeamua uende. Kama una haraka, uhifadhi uusome jioni, maana leo sitaandika mistari mitano nikuombe useme Amina.

Wengi wenu mnakumbuka ushuhuda niliouweka hapa kuhusu mama yangu mzazi. Nilisema alikuwa anatokwa na damu, tukafunga na kuomba siku tatu, damu ikakatika, amepona. Amina zilikuwa nyingi kuliko nilivyowahi kupata. Wengine mliutuma kwa magrupu ya WhatsApp, na dada mmoja alinipigia simu kutoka Doha kuniambia umemfikia huko na umemtia nguvu.

Mpendwa, siku nane baada ya kuandika maneno yale, mama yangu alikuwa amelala ndani ya ambulensi katikati ya Nakuru na Nairobi, mfuko wa damu ya mtu mwingine ukining'inia juu ya kichwa chake. Sikurudi hapa kuwaambia. Leo nimerudi.

Wacha nianzie jikoni, kwa sababu ndiko mambo yalikoanzia. Mama ana miaka 72 na anaishi Njoro, kwenye shamba aliloliacha marehemu baba. Alikuwa amekuja kwetu mjini kwa sababu ya magoti yake. Jumanne asubuhi alimwita mke wangu kando, akamwambia ameenda choo mara mbili na kilichotoka ni damu tupu. Hakusikia uchungu wowote. Kisha akamwambia, "Mama Neema, usimwambie Pasta."

Unaelewa kwa nini. Mama wa Kiafrika hawezi kumwambia mtoto wake wa kiume habari za choo, hata kama huyo mtoto ana miaka arobaini na kitu na anaitwa mchungaji. Labda hasa kwa sababu anaitwa mchungaji.

Mke wangu aliniambia usiku, watoto wakishalala. Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Sikumuuliza mama swali hata moja. Mimi ambaye vijana wakija kutaka kuoana ninawauliza maswali mpaka wanatoka jasho, sikumuuliza damu ni kiasi gani, ni nyekundu au nyeusi, anasikia kizunguzungu, anameza dawa gani. Nilichukua mafuta, nikamwekea mikono, nikatangaza siku tatu za kufunga kwa nyumba yote. Nyumba yote, pamoja na yeye. Mwanamke wa miaka 72 aliyepoteza damu, nikamnyima uji.

Alhamisi damu ikakoma. Jumapili nikamsimamisha mbele ya kanisa. Alitabasamu, akashukuru, akakaa chini haraka haraka. Mimi nilidhani ni unyenyekevu. Ilikuwa ni kwamba magoti yalikuwa yanatetemeka na macho yalikuwa yanaona giza.

Jumamosi iliyofuata, saa kumi alfajiri, tulisikia kishindo kwenye korido. Alikuwa ameanguka akitoka choo. Sitaeleza nilichokiona sakafuni. Shemasi wetu mmoja ana Probox, alifika ndani ya dakika kumi, tukamlaza kiti cha nyuma kichwa chake kikiwa mapajani mwa mke wangu. Njiani alikuwa anasema jambo moja tu, "Nisameheni, nimechafua gari la watu."

Hospitalini walimpima damu. Himoglobini ilikuwa 5.4. Mtu mzima mwanamke anatakiwa awe na 12 au zaidi. Muuguzi aliangalia ile karatasi, akaangalia mama, akaita daktari bila kusema neno. Walimwekea njia mbili za mishipa, moja kila mkono, wakaanza kumwongezea maji kisha damu. Daktari aliniuliza swali lile ambalo mimi sikuuliza: anameza dawa gani? Mama akamwonyesha mke wangu mkoba wake. Ndani mlikuwa na diklofenaki za kununua duka la dawa, zile tembe za magoti, miezi minne mfululizo, mara mbili kwa siku. Na juu yake aspirini ndogo ambayo alipewa miaka ya nyuma kwa ajili ya moyo.

Daktari alitueleza polepole. Dawa za maumivu za aina ile zinaweza kufanya utumbo uvuje damu, na zikikutana na aspirini hatari inaongezeka. Damu ya kutoka chini, alisema, ina vyanzo vingi. Inaweza kuwa bawasiri. Inaweza kuwa uvimbe au saratani ya utumbo mpana. Inaweza kuwa vidonda vya utumbo, au vimishipa vidogo vilivyolegea kwa uzee. Au inaweza kuwa vifuko.

Hivyo vifuko sikuwahi kuvisikia. Ukuta wa utumbo mpana una sehemu dhaifu, pale ambapo mshipa wa damu unapenya kuingia ndani. Miaka ikienda, pale panaweza kusukumwa nje pakawa kijifuko, kama tyubu ya baiskeli inavyotokeza kwenye tairi lililochakaa. Mshipa unabaki umetandazwa juu ya kile kifuko, ukiwa umefunikwa na ngozi nyembamba tu. Siku moja unapasuka. Hauumi. Damu inatoka tu, na inatoka nyingi.

Kisha akaniambia neno lililonikalia kooni. Damu ya vifuko hukoma yenyewe kwa watu wengi, kama watatu kati ya wanne au hata zaidi. Hukoma, halafu kwa wengine hurudi, baada ya siku, au miezi, au miaka.

Nilitoka nje nikasimama karibu na bomba la kunawia mikono. Nilikuwa nakumbuka ile Alhamisi.

Niseme jambo kabla sijaendelea, kwa sababu najua kuna mtu tayari ananiandikia. Sisemi Mungu hakusikia maombi yale. Mimi ni mtu wa maombi na nitakufa nikiomba. Kushukuru kwamba damu imekoma halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kusimama madhabahuni nikasema amepona, kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amekipima, na kwa kusema hivyo nikamfunga mama mdomo. Maana nilikuja kujua baadaye kwamba Jumatano ya wiki ile, baada ya ushuhuda, aliona damu tena kidogo. Hakumwambia mtu. Angesemaje, na mwanawe ameshatangaza mpaka Doha?

Nikikumbuka yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili, nimemhubiri mara nyingi sana, na kila mara nilikuwa nakimbilia pindo la vazi. Sasa ninakaa kwenye sehemu nyingine. Alikuja kwa siri, kutoka nyuma, na Bwana hakumwacha aondoke kwa siri. Alimuuliza nani amenigusa, mpaka yule mama akatoka akitetemeka, akasema habari yake yote mbele ya watu. Mimi nilifanya kinyume. Niliichukua siri ya mama nikaisema nusu, ile nusu iliyonifaa. (Na kitu kidogo cha kuchekesha: Marko anaandika kwamba waganga walizidi kumharibu yule mama. Luka, ambaye Paulo anamwita tabibu, anasimulia habari hiyo hiyo lakini hilo la kuharibika zaidi ameliruka. Madaktari wanalindana tangu zamani.)

Tuendelee. Kanisa lilikuja kutoa damu, na hapo niliwapenda watu wangu upya. Vijana wa kwaya walipanga foleni. Mzee mmoja wa kanisa, mtu ambaye tumewahi kukosana naye vibaya juu ya hesabu za ujenzi, alitoa damu akaondoka bila hata kuniangalia. Musa aliandika katika Walawi 17 kwamba uhai unakaa ndani ya damu. Nimefundisha hilo kwenye darasa la ubatizo. Siku hiyo nililiona kwa macho, kwa sababu baada ya mfuko wa tatu midomo ya mama ilirudi rangi yake na akaniuliza kama nimekula.

Jumapili hiyo sikuhubiri. Walikuwa wanamnywesha dawa ya kusafisha utumbo ili wapitishe kolonoskopi, ule mrija wenye kamera unaoingizwa kutoka chini. Hicho ndicho kipimo ambacho wengi huanza nacho, na kwa wengi kinatosha, maana daktari akiona panapovuja anaweza kupaziba pale pale. Kwa mama hakikutosha. Damu ilikuwa nyingi, imeganda, hakuna kilichoonekana. Jumatatu mchana akaanza kuvuja tena, presha ikashuka.

Wakamkimbiza kwenye CT skani yenye dawa ya rangi inayoingizwa kwenye mshipa. Nilielezwa kwamba kipimo hicho kinaweza kuona uvujaji mdogo hata wa nusu mililita kwa dakika, lakini sharti damu iwe inavuja wakati ule ule wa kupigwa picha. Ikikoma, picha inatoka safi na hujui pa kushika. Fikiria mimi, mtoto wake, nimesimama kwenye korido nikiomba isikome kwanza. Sikuwahi kuomba ombi la namna hiyo.

Ilionekana. Upande wa kulia wa utumbo mpana palikuwa na doa jeupe mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na kitu.

Hapo ndipo niliposikia neno embolaizesheni kwa mara ya kwanza. Daktari wa upasuaji alituambia njia ni mbili. Anaweza kumpasua na kukata kipande cha utumbo, na atafanya hivyo ikibidi, lakini kwa umri wake, moyo wake na damu aliyopoteza, anaogopa. Au apelekwe Nairobi kwa daktari wa redioloji anayetibu kwa kupitia mishipa ya damu. Madaktari wa aina hiyo si wengi katika nchi yetu, na wengi wao wako Nairobi. Majirani zetu Tanzania walianzisha masomo ya fani hiyo pale Muhimbili mwaka 2019, na mimi sasa ninaiombea fani hii kama ninavyoombea misheni.

Safari ile sitaisahau. Tulipita Gilgil, tukapita Naivasha, mvua ikinyesha kule juu karibu na Limuru, muuguzi akishika mkono wa mama na kusoma presha kila baada ya dakika chache. Nilikuwa nimeketi mbele na dereva. Sikunena kwa lugha. Nilikuwa ninahesabu malori.

Daktari tuliyemkuta alikuwa binti mdogo, pengine hajafika miaka 35. Nakiri moyo wangu ulishuka, nilikuwa ninatarajia mzee mwenye mvi. Mungu anisamehe. Alimsalimia mama kwa heshima, akamwita Shosho, kisha akachukua karatasi akaigeuza nyuma akachora.

Nitakueleza kama alivyonieleza, kwa sababu siku moja unaweza kuwa wewe umeshika kalamu ya kutia sahihi.

Alisema, fikiria shamba lenye mabomba ya maji. Kuna bomba kuu, linagawanyika, linagawanyika tena, mpaka kwenye vijibomba vya mwisho vinavyofikia kila mstari wa mboga. Kijibomba kimoja kimepasuka. Ukifunga bomba kuu, uvujaji utaisha, lakini shamba zima litakauka. Kazi yake ni kutembea ndani ya mabomba mpaka afike karibu kabisa na pale palipopasuka, afunge hapo tu, ili mimea ya jirani iendelee kunywa.

Anatembeaje? Anachoma sindano ya ganzi kwenye nyonga, pale mguu unapokutana na mwili, kisha anaingia kwenye mshipa mkubwa wa mguu. Anapitisha waya laini, na juu ya waya anatelezesha katheta. Ukisikia katheta usifikirie ule mpira wa mkojo, ingawa mimi nilifikiria hivyo. Hii ni mrija mwembamba wa chini ya milimita 2. Unapanda kwenye mshipa mkuu wa tumbo, unaingia kwenye tawi linalolisha utumbo, kisha ndani yake anapitisha mrija mwingine mdogo zaidi, usiofika milimita 1, na huo ndio unaokwenda mpaka kwenye vijitawi vya mwisho. Anaona njia kwa eksirei inayotembea, akimwaga ile dawa ya rangi kidogo kidogo. Akifika, anaachilia koili, vijiwaya vidogo vya platini vinavyojikunja ndani ya mshipa kama uzi kwenye kibonge. Damu inaganda juu yake, mshipa unazibika. Wakati mwingine hutumia chembechembe, au gundi maalum, au sponji ya jelatini ambayo baadaye huyeyuka.

Nilimuuliza kama jambo hili ni jipya, ni majaribio. Akasema hapana. Mwaka 1972 madaktari wa Portland kule Marekani, akina Josef Rösch na Charles Dotter, waliandika jinsi walivyoziba mshipa wa mgonjwa aliyekuwa anavuja damu tumboni, na walichotumia kuziba ni damu ya mgonjwa mwenyewe iliyoganda. Lakini kwenye utumbo wa chini, alisema, miaka ya mwanzo haikuwa mizuri. Tumbo la chakula lina mishipa mingi inayosaidiana, utumbo mpana hauna akiba hiyo. Mirija ya wakati ule ilikuwa minene, haikuweza kufika mbali, wakaziba sehemu kubwa mno na baadhi ya wagonjwa vipande vya utumbo vikafa. Madaktari wengi wakaiacha, wakawa wanatumia dawa ya kubana mishipa badala yake. Iliporudi kwa nguvu ni mirija ilipopata kuwa myembamba vya kutosha, kwenye miaka ya 1990.

Nilipenda kwamba aliniambia hilo la kushindwa kwao. Fani nzima ilikosea, ikakiri, ikarudi na mrija mwembamba zaidi. Mimi nilikuwa bado sijafuta hata sentensi moja kwenye ukurasa huu.

Kisha akanihesabia hatari bila kunificha. Kipande cha utumbo kinaweza kukosa damu kikafa, siku hizi ni mara chache lakini hutokea, na hapo upasuaji unakuwa lazima. Dawa ya rangi inaweza kusumbua figo. Pale kwenye nyonga panaweza kuvimba damu. Damu inaweza kurudi. Na huenda akafika ndani akute uvujaji umekoma, asione pa kuziba. Halafu akauliza, "Pasta, Shosho alikula vizuri wiki hizi mbili?"

Nikamwambia tulifunga. Yeye pia? Ndiyo, yeye pia. Siku tatu.

Hakunikemea. Aliandika tu kwenye faili. Ninakuambia, nimekemewa na maaskofu, lakini hakuna kilichoniuma kama ile kalamu ikiandika.

Nikatia sahihi. Mkono ulitetemeka mpaka jina langu likatoka kama la mtoto wa darasa la pili. Mama alikuwa macho, kwa sababu kazi hii mara nyingi haihitaji mgonjwa alazwe usingizi kabisa. Akaniambia, "Sasa omba, na usiombe kwa muda mrefu, huyu binti anangoja." Niliomba sentensi mbili.

Ilichukua kama saa moja na nusu. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, nikiwa na neno lile kichwani. Chuo cha Biblia kilinifundisha Kigiriki kidogo, na katika uchovu ule nilikuwa ninalichambua. Embolos ni kitu cha kuchomeka, cha kuzibia. Ndani yake kuna kitenzi ballo, kutupa, kile kile kilichomo ndani ya diabolos, yule mtupaji wa mashtaka. Kitenzi kimoja kimetupa jina la Ibilisi na jina la tiba ya mama yangu. Sikuwa na fundisho la kutoa hapo. Nilikuwa tu ninajizuia kulia mbele ya mlinzi.

Mama anasimulia upande wake vizuri kuliko mimi. Anasema hakusikia mrija ukitembea, ila kila dawa ya rangi ilipoingia alisikia joto, "kama mtu amenimwagia chai ndani ya tumbo." Anasema waliambiana kwa Kiingereza, kisha kukawa kimya, kisha binti akasema, "Shosho, tumeipata." Koili tatu. Baadaye nilionyeshwa picha mbili. Ya kwanza ina mti wenye matawi, na kwenye ncha moja kuna wingu dogo, hiyo ndiyo damu iliyokuwa inamwagika. Ya pili ni mti ule ule, hakuna wingu, na matawi ya jirani yote yapo.

Ile picha ya pili ninayo kwenye simu. Kuna siku ninaifungua nikiwa peke yangu ofisini.

Haikuisha hapo. Alilala mguu umenyooshwa saa kadhaa asiukunje. Siku ya pili tumbo lilimuuma, na nyuso za wauguzi zikabadilika, wakawa wanambonyeza tumbo na kumchukua damu kila mara wakiogopa utumbo umekosa damu. Ule usiku ulikuwa mrefu kuliko ule wa ambulensi. Asubuhi maumivu yalipungua. Siku ya tatu alikunywa uji, na sikuwahi kufurahia uji wa mtu namna ile. Baada ya wiki kadhaa walirudia kolonoskopi utumbo ukiwa safi, kwa sababu koili zinaziba damu lakini haziwezi kukuambia kama kuna saratani imejificha. Hakukuwa na saratani. Kulikuwa na vifuko, vingi, na bado vipo. Diklofenaki imeachwa. Aspirini daktari wa moyo aliipima upya, hatukuiachisha wenyewe.

Bili ilikuwa bili. Bima ilibeba yake, tukafanya harambee kwa yaliyobaki, na waliotuma mnajijua.

Kuna mtumishi mwenzangu, mtu ninayemheshimu, aliyenisihi nisiandike haya. Alisema nitaua imani ya watu. Nimelipima neno lake kwa wiki nyingi. Lakini Hezekia aliomba akilia, Mungu akamjibu akamwongezea miaka kumi na mitano, na nabii yule yule aliyeleta jibu akaagiza mkate wa tini ubandikwe kwenye jipu. Isaya hakuona aibu kuagiza tini. Na huko Uganda aliwahi kufanya kazi daktari mpasuaji Denis Burkitt, mtu wa maombi asiyeficha wokovu wake, ndiye ambaye saratani ya Burkitt imepewa jina lake. Huyo ni mmoja wa waliosema, miaka ya 1970, kwamba vifuko hivi vya utumbo ni adimu kwa Waafrika kwa sababu ya vyakula vyetu vya nyuzinyuzi. Wengine wamebishana naye juu ya sababu. Lakini alipata kuyajua hayo kwa kuwauliza madaktari wa hospitali moja baada ya nyingine wanaona nini. Mtu aliyeokoka, akiuliza maswali. Mimi sikuuliza hata moja, na aliyekuwa anatokwa na damu alikuwa chumba cha pili.

Basi nafuta kile nilichoandika. Ule ushuhuda wa kwanza nimeuondoa, na kama uliutuma kwa mtu, tafadhali mtumie na huu.

Na kama umewahi kuona damu chooni, nyekundu au ile nyeusi kama lami, usiamue mwenyewe ni bawasiri, wala usiamue ni mtu amekuloga. Kama ni nyingi, au unasikia kizunguzungu, au moyo unakimbia, nenda leo, usiku huu, uombewe ukiwa njiani. Beba dawa zote unazomeza, na zile za kununua bila karatasi. Wengi hawatahitaji koili wala Nairobi. Kwa wengi kolonoskopi inatosha, na wengine damu itakoma yenyewe. Lakini aache daktari ndiye aseme hivyo.

Jumapili iliyopita mama alisimama tena. Nilimwambia si lazima. Alichukua maikrofoni akasema, "Mchungaji wenu alisema nimepona, nilikuwa sijapona. Nilinyamaza kwa sababu ya aibu." Kisha akaeleza kila kitu, choo na yote, wazee wakiangalia sakafu. Alipomaliza, mama mmoja wa nyuma, ambaye ameimba kwaya yetu kwa miaka mingi, alianza kulia. Baada ya ibada alimfuata mke wangu hadi kwenye gari. Ni miezi saba alikuwa anaona damu. Ameshaanza vipimo, mtajeni kwenye maombi bila kutaja jina.

Jumamosi hii, kuanzia saa tatu asubuhi, wauguzi wawili wa kanisa letu watakaa kwenye chumba cha shule ya Jumapili, mlango umefungwa. Akina mama watapokelewa na Mama Neema, wanaume njooni kwangu. Chai itakuwepo. Hutaulizwa una imani kiasi gani. Utaulizwa damu ni kiasi gani, na tangu lini.